Kilo Tisa za Bibi

Wapendwa, leo salamu zangu ni fupi. Bati la jengo hili limeshaanza kutuchemsha, na wapo miongoni mwenu ambao mawazo yao yako kwenye sufuria waliyoiacha jikoni. Nina mfano mmoja tu, na si mtamu. Anayetaka mtamu anaweza kutoka sasa hivi, sitamkasirikia.

Kulikuwa na kiwanda kimoja cha korosho. Upande mmoja walibangua, upande mwingine walimenya. Wengi wenu mmezaliwa kwenye mikorosho, lakini kwa ajili ya wageni nitaeleza. Korosho ikishatolewa kwenye gamba lake gumu, hubaki na ngozi nyembamba ya rangi ya udongo. Ngozi hiyo inaondolewa kwa kucha na kisu kidogo, moja baada ya moja, kwa upole, maana korosho ikivunjika imeshuka thamani. Ni kazi ya macho na vidole, na inafanywa na kina mama, kutwa nzima, wakiwa wamekaa kwenye benchi.

Katika kiwanda hicho palikuwa na meza ya wanawake kumi na wawili. Majina yao siwatajii. Nikiwatajia mtaanza kunong'onezana kwamba fulani ni yule wa karibu na kisima, na mfano utaishia hapo.

Tumfuate mmoja wao. Ni mama wa makamo, mjane, ana watoto watatu na vidole vyepesi. Kushoto kwake aliketi Bibi mmoja ambaye alikuwa amemenya korosho tangu kiwanda kilipofunguliwa. Bibi ndiye aliyemfundisha mama huyu kazi, akamfundisha kushika kisu bila kujikata na kunyamaza msimamizi anapofoka. Yule mama alimpenda Bibi kuliko shangazi zake wa damu, na alikuwa akilisema wazi.

Sasa, kanuni ya kiwanda ilikuwa hivi: kila mtu atoe kilo sita kwa siku. Akishindwa, getini. Wanawake wale walitoa saba bila kujiua. Lakini Bibi alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia liliona ukungu, la kushoto liliona nusu. Kwa juhudi zake zote alitoa kilo tatu na nusu. Na nyumbani alikuwa na wajukuu wawili walioachwa na binti yake marehemu, waliokula kwa mikono yake tu. Kwa hiyo kila jioni Bibi alihitaji kilo mbili na nusu ambazo hakuwa nazo.

Mnafikiri alizipata wapi?

Nyuma ya Bibi palikuwa na pipa la maji ya kunywa. Kila mwanamke alipoinuka kwenda kunywa, alibeba konzi ya korosho zilizomenywa ndani ya kiganja, na akipita nyuma ya Bibi aliidondosha ndani ya kopo lake. Hakuna aliyeitisha kikao. Hakuna aliyemwambia mwenzake, "Leo zamu yako." Ilianza tu, kama mambo mengi mema yanavyoanza, ikawa desturi ya meza. Kopo likijaa, Bibi alilibeba hadi mizani iliyokuwa mlangoni, karani akaandika, Bibi akarudi kukaa. Miaka minne.

Je, Bibi alijua? Alijua vizuri sana. Mtu hawezi kukosa kujua kwamba kopo lake linajaa bila yeye. Lakini hakuwahi kusema, na wao hawakuwahi kusema. Siku mojamoja tu, kopo likijaa mapema kuliko kawaida, Bibi alisema bila kuinua kichwa, "Leo mmekuwa na kiu, wanangu." Nao walicheka.

Basi mwenye kiwanda akasikia kwamba viwanda vingine vinatoa korosho nyingi kuliko chake. Akataka kujua mtu mmoja anaweza kumenya kiasi gani hasa, kwa saa, kwa siku, bila kukisia. Akamwajiri mpimaji.

Najua mmeshamchukia mpimaji. Msiwe na haraka. Alikuwa kijana mstaarabu, msomi, mwana wa watu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza zote, saa ya kubonyeza ikiwa inaning'inia shingoni, akasema, "Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, baba."

"Sikuja kumwonea mtu. Hiyo kilo sita mnayodaiwa, nimeuliza ilitoka wapi, hakuna anayejua. Mtu aliisema tu zamani, ikabaki. Mimi nitapima kwa siku tatu. Fanyeni kazi kama siku zote, msikimbie wala msizubae. Nitahesabu na muda wa kupumzika, na muda wa kwenda msalani, na uchovu wa mchana. Kiwango kitatokana na kazi yenu wenyewe."

Maneno mazuri, au siyo? Mimi ningempigia makofi. Lakini yule mama tunayemfuata hakupiga makofi. Aliinua mkono akauliza, "Na atakayeonekana mzito kuliko wenzake, baba, mtamfanyaje?"

Kijana akajibu, "Huyo tutaangalia la kufanya."

Tutaangalia la kufanya! Wanawake kumi na mmoja walitazama chini kwa pamoja. Kila mmoja aliliona geti. Kila mmoja alimwona Bibi akitoka nje na kikapu chake, akipapasa ukuta kwa mkono.

Mama yetu alirudi nyumbani akiwa hana raha. Aliwaza, hata chakula kikamshinda. Akaamua moyoni mwake: kesho nitampa konzi mbili badala ya moja. Nitatoka na pungufu mimi, haidhuru, mimi nina kilo saba. Akalala akiwa ameridhika, na nadhani alijiona mwema kidogo. Hatumlaumu. Sote tungejiona.

Asichokijua ni kwamba kumi wengine walilala na uamuzi huohuo. Kila mmoja kimoyomoyo, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake atakayemwokoa Bibi.

Siku tatu zile, wapendwa, meza ile ilikunywa maji kama watu waliotoka kufunga. Huyu anainuka, yule anakaa. Konzi mbili, konzi tatu. Mpimaji alisimama mlangoni karibu na mizani, kwa sababu alikuwa na meza sita za kuangalia. Aliandika kila kopo lilipofika, na saa lilipofika, na la nani. Aliandika pia kila aliyeinuka kwenda majini. Aliyaona makopo, na aliiona miguu. Mikono hakuiona.

Bibi alitoa kilo tisa.

Kina mama wengine, ambao kila mmoja alikuwa ametoa nusu kilo yake kwa siri, walitoa sita na nusu.

Fanyeni hesabu pamoja na yule kijana. Mnamwona bibi kizee, jicho moja lina ukungu, hainuki kwenda kunywa maji, anatoa kilo tisa siku tatu mfululizo. Mnawaona wanawake wenye nguvu, wengine hawajafika miaka thelathini, wanashinda kwenye pipa la maji, wanatoa sita na nusu. Mngeandika nini? Semeni ukweli. Mngeandika alichoandika.

Wiki iliyofuata aliwaita, akasoma. Sauti yake haikuwa na ukali, na hiyo ndiyo iliyoumiza. "Mama zangu, sikuchukua aliye hodari kuliko wote nikasema mumfuate. Huo ungekuwa uonevu. Nimemchukua aliye mzee kuliko wote humu ndani. Kama Bibi anaweza tisa, nani atasimama aseme hawezi? Kiwango kipya ni kilo tisa kwa kila mtu. Mtapewa wiki mbili za kuzoea. Baada ya hapo, atakayekosa mara tatu atapumzishwa. Na pipa la maji litahamishiwa nje. Mtakunywa wakati wa mapumziko."

Kisha akamgeukia Bibi akampa mkono kwa heshima. "Hongera sana, Bibi. Umetufundisha."

Bibi aliushika ule mkono.

Jioni ile kina mama walimzunguka mama yetu nje ya geti, wote wakisema kwa pamoja.

"Kamwambie! Wewe ndiye uliye karibu na Bibi, kamwambie ukweli!"

"Nikamwambie nini? Kwamba Bibi haoni?"

"Kwani tufe sote? Mimi nina mtoto wa miezi minne, kilo tisa nitazitoa wapi?"

"Na Bibi aende wapi?"

Wakatawanyika, wengine kwa hasira, wengine wakilia.

Kesho yake mama yetu akapiga moyo konde. Akaenda kwenye kile chumba kidogo ambacho mpimaji alikuwa akifungasha makaratasi yake, maana kazi yake ilikuwa imekwisha na gari lilikuwa linamsubiri. Akabisha hodi. Kijana akamkaribisha, akamvutia kiti.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hapana, baba... nilitaka kuuliza. Yule mzito uliyesema mtaangalia la kufanya. Mlikuwa mfanye nini?"

Kijana akatabasamu. "Ah, hilo? Nilimwomba mwenye kiwanda nafasi mbili za kazi nyepesi kwa ajili ya wazee. Kugawa aproni asubuhi, na kuwapokea watu mlangoni. Kazi isiyohitaji macho makali. Meza yenu sikuona anayehitaji. Nimezigawa kwa wazee wawili wa meza ya tano, jana."

Jana!

Kijana akamwona uso umembadilika, akaweka makaratasi chini. Sikilizeni vizuri anachosema hapa, kwa sababu hapa ndipo mlango ulipokuwa wazi. Alisema, "Mama, kama kuna kosa katika kipimo changu, niambie. Nitakirarua na kuanza upya. Sioni aibu."

Nje ya dirisha, ng'ambo ya uwanja, Bibi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta akila mhogo wake, akiupapasa kwanza kabla ya kuuma. Mama yetu akamtazama. Akapiga hesabu zake. Nikisema, anatoka leo, na nafasi nyepesi hazipo tena. Nisiposema, labda Mungu atafanya njia.

Akasema, "Hakuna kosa, baba. Nimekuja kukuaga tu. Safari njema."

Naye kijana akaondoka, roho yake nyeupe.

Wapendwa, mnajua yaliyofuata. Wa kwanza kupumzishwa alikuwa yule mwenye mtoto wa miezi minne. Wiki mbili zilipoisha alikosa siku tatu mfululizo, akatoka, hakuaga mtu. Wakafuata wengine wawili. Waliobaki walijifunza kumenya bila kuinua shingo. Mazungumzo yakakoma. Mwenzako akipiga chafya huna nafasi ya kumwambia afya. Kila kopo likabandikwa namba, na mtu akilinda namba yake. Kwenye vitabu vya mwenye kiwanda, meza ile ilikuwa imeamka kutoka usingizini. Kilo zilipanda kweli, siwadanganyi. Alifurahi, akaagiza kipimo kile kipelekwe na kwenye kiwanda chake kingine.

Na Bibi? Bibi alikuwa na homa wiki zile mbili za kuzoea na siku kadhaa baada ya hapo, akaruhusiwa kulala nyumbani. Watu wakapumua, wakajidanganya kwamba huenda asirudi, na jambo litajimaliza lenyewe. Akarudi. Siku ya kwanza akatoa kilo tatu na nusu. Ya pili, tatu na nusu. Hakuna aliyekwenda majini, maana maji yalikuwa nje, na hakuna aliyekuwa na konzi ya kubeba.

Ikafika siku ya tatu. Kila mtu pale mezani alijua ni siku ya tatu ya Bibi. Lakini mama yetu alikuwa na jambo jingine kichwani. Naye alikuwa amekosa mara mbili. Alikuwa ameshapeleka kilo nane na nusu, king'ora kilikuwa karibu kulia, na kopo lake lilikuwa karibu tupu. Vidole vilikuwa vinatoka damu kwenye kona za kucha. Alikuwa anamenya na huku midomo inahesabu.

Hapo akauona kwa pembe ya jicho mkono wa Bibi. Unakuja. Unapapasa juu ya meza taratibu, unalitafuta kopo la mama yetu.

Akajua Bibi anakuja kuomba. Au anakuja kuchota. Na yeye, aliyempenda kuliko shangazi zake, aliyekuwa akimdondoshea konzi kwa miaka minne, alilivuta kopo lake upesi akalifunika kwa khanga, akamgeuzia Bibi mgongo.

Mkono ukasimama hewani kidogo. Kisha Bibi akasema kwa sauti ya chini, "Funua, mwanangu. Siombi."

Akafunua. Bibi akainua kopo lake mwenyewe, lenye nusu kilo ambayo hakuwa ameipeleka mizanini, akalimimina lote ndani ya kopo la mama yule, akilishika ukingo kwa kidole ili zisimwagike. "Mimi hizi hazinifikishi popote. Nenda. King'ora hicho kinalia."

Mama yule akafanya nini? Mnataka niseme alimkumbatia. Mnataka niseme alisimama juu ya benchi akapasua ukweli, mwenye kiwanda akalia, na pipa la maji likarudishwa. Hapana. Alilichukua kopo akakimbia. Akafika mizanini, karani akapima, akaandika tisa. Aliporudi mezani nafasi ya kushoto kwake ilikuwa tupu. Asubuhi akaletwa binti mmoja mwenye macho mazuri akaketi pale, na wala hawakusalimiana.

Mfano wangu umeishia hapo. Kila nikiuangalia natafuta mahali pa kuwapoza, sipapati.

Sasa niambieni, ninyi mnaopenda kunyoosha kidole: mwovu ni nani hapa? Mpimaji? Alipima alichoonyeshwa, akaomba asahihishwe. Mwenye kiwanda? Sitamtetea, alitaka kilo, akapata kilo, na waliotolewa getini hakuwauliza. Lakini kosa lenyewe, lile lililomtoa Bibi nje na mwenye mtoto mchanga nje, lilitengenezwa na watu wema kumi na mmoja, kwa mikono yao, kwa upendo, kwa siri. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Walimbeba Bibi miaka minne wakifichaficha kama wanaoiba. Hivyo alipokuja mtu kuuliza, "Mtu mmoja anaweza nini?" hakuna hata mmoja aliyekuwa na ulimi wa kumwambia, "Baba, humu ndani hakuna mtu mmoja. Tunabebana. Pima meza, usipime mtu."

Labda angekataa. Sijui. Ila hakuambiwa.

Na sisi je? Tunakuja hapa kila wiki tumepiga pasi. Tukiulizwa habari, nzuri. Watoto, wazima. Kazi, tunashukuru. Wewe mzee unayejisifu kwamba ulisomesha watoto sita kwa jembe lako mwenyewe, unakijua vizuri kiganja kilichopita nyuma yako kikadondosha. Hukukitaja hata siku moja. Na kijana wa jirani yako anakutazama wewe na kilo zako tisa, anajitazama yeye na zake sita na nusu, anajiona mvivu, anajichukia. Wewe dada unayesimama mbele kushuhudia ndoa yako ilivyosimama, na waliokuwa wakikushika usiku na mchana hutaki wajulikane. Yule aliyeachwa anakusikiliza pale nyuma, na wiki ijayo haji tena. Tumepeleka mizanini makopo yaliyojazwa na wenzetu, tukaandikiwa sifa, na sifa zile zimekuwa rungu la kuwapigia wasio na wa kuwajazia.

Kisha tunashangaa upendo umepoa. Haukupoa wenyewe. Tuliuficha mpaka ukahesabiwa kuwa uvivu, ukapigwa marufuku, na sisi wenyewe tukaitikia, "Hakuna kosa, baba. Safari njema."

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kumhukumu yule mama. Nimeandika maneno makali, ninayo hapa kwenye karatasi. Lakini tangu jana nimeshindwa kuyasoma, kwa sababu mimi mtumishi wenu ninayesimama hapa nikiwa mzima, mwenye nguo safi, nawajua walionijazia kopo kwa miaka mingi. Wawili kati yao walipotea njiani, wakaacha kuja, na mimi sikuwafuata. Nilikuwa na kopo langu la kulinda. Majina yao ninayajua, nyumba zao ninazijua, na sijabisha hodi mpaka leo.